Je, wajua kwanini kumbi kubwa za opera Ulaya zinafungwa majira ya joto, wakati ndo watu wana likizo?

Cheki ratiba ya kumbi nyingi kubwa za opera, ballet au tamthilia kule Ulaya, utakuta msimu umeandikwa kama ligi ya mpira, 2025/26, unaanza Septemba au Oktoba unaisha Mei au Juni. Julai na Agosti kwingi kimya. Staatsoper ya Vienna, yaani opera ya taifa ya Austria, kwa mfano, inafungua mwanzoni mwa Septemba inafunga mwisho wa Juni, na hapo katikati inapiga maonyesho kama 300, leo opera, kesho ballet, keshokutwa opera nyingine kabisa, halafu miezi miwili kufuli mlangoni. Na miezi yenyewe ndo ile shule zimefungwa, maofisini watu wako likizo, watalii wamejaa barabarani wanatafuta pa kutumia hela. Mweleze hayo mtu wa Kariakoo atakuuliza hawa jamaa wamerogwa au vipi, mtu anafunga duka wateja wakiwa wanaingia?

Hakuna aliyekaa mezani akaipanga hivyo. Mambo matatu manne yalirundikana kwa karne kadhaa, mengine yalishakufa zamani, ratiba ikabaki vilevile.

Tuanze na joto lenyewe. Kabla ya umeme ukumbi ulikuwa unawashwa mishumaa na taa za mafuta, baadaye ikaja gesi, na gesi ndo ilikuwa balaa zaidi maana inakula hewa na inatema joto, sasa weka humo watu elfu mbili wamevaa koti juu ya koti na magauni ya vitambaa vizito, madirisha hamna, saa nne mfululizo. Watu walikuwa wanatoka na vichwa vinawagonga. Ukumbi wa Savoy pale London ndo ulikuwa jengo la kwanza la umma kuwashwa umeme mtupu, mwaka 1881, na kabla ya hapo kila mtu alivumilia tu. Mwezi wa kumi na mbili, nje kuna theluji, joto la ndani lilikuwa raha. Mwezi wa saba ni kujitafutia kuzimia.

New York, ambako majira ya joto hayana utani, walijaribu kila njia. Madison Square Theatre walikuwa wanapitisha hewa juu ya barafu kabla ya kuiingiza ukumbini, tani nne za barafu kila usiku, yaani hiyo ndo kiyoyozi chao. Wengine wakaona isiwe tabu, wakahamisha shoo juu ya paa, meza, vinywaji, muziki, upepo kidogo. Ni kwenye shoo ya paani ya namna hiyo, pale Madison Square Garden, Juni 1906, ndipo msanifu maarufu Stanford White alipigwa risasi akafa mbele ya watazamaji, kisa mambo ya mwanamke, na jengo lenyewe alilichora yeye. Tuendelee.

Joto peke yake lisingetosha, kwasababu maskini joto hawajawahi kulikimbia. Kitu kilichofunga milango hasa ni matajiri kuondoka mjini.

Kumbi za opera za zamani hazikuwa zinaishi kwa tiketi za mlangoni. Chukua La Scala ya Milano, ilifunguliwa Agosti 1778 (ndiyo, Agosti, hiyo ilikuwa sherehe ya ufunguzi), na hela ya kuijenga ilitoka kwa koo tajiri za mjini, ambazo kila moja ilipata chumba chake kidogo pale ghorofani kinachotazama jukwaa. Chumba ni mali yako, unakipamba unavyotaka, unakuja na wapishi wako, unacheza karata, unapokea wageni, unapanga ndoa ya binti yako, mwimbaji akifika kwenye wimbo mtamu mnanyamaza kidogo mnasikiliza kisha mnaendelea na porojo. Opera ilikuwa sebule ya wakubwa. Sasa wenye sebule wakihamia shamba, utamwimbia nani?

Na walikuwa wanahama kweli. London mambo yalikwenda na Bunge: Bunge likikaa mabwana wako mjini na familia zao, likivunja vikao kwenye Agosti wote wanakimbilia mashambani, tena tarehe 12 Agosti ndo msimu wa kuwinda ndege unafunguliwa na hiyo siku bwana wa Kiingereza hakosi. Ikifika hapo mji mzuri wote umehama, wamebaki wenye maduka na wafanyakazi, na watu wa opera walikuwa hawawahesabu.

Kuna kisa kimoja kinaonyesha hili jambo likigeuka kuwauma wasanii wenyewe. Joseph Haydn, mtunzi wa muziki, alikuwa ameajiriwa na Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, ambaye kila mwaka alihamia jumba lake la majira ya joto huko mashambani Hungaria na bendi nzima anakwenda nayo, ila wake na watoto wa wanamuziki wengi wanabaki Eisenstadt. Mwaka 1772 bwana mkubwa akanogewa, akakaa kupita kawaida, wanamuziki wakaanza kumlilia Haydn, mzee tusaidie tumechoka. Haydn hakwenda kuomba. Akatunga simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra, na kwenye sehemu ya mwisho akapanga wapigaji wamalize mmoja mmoja: huyu anapiga kipande chake, anazima mshumaa wake, anabeba chombo chake anatoka, anafuata mwingine, na mwingine, jukwaa linazidi kuwa giza, mpaka wakabaki watu wawili na vayolini, mmoja wao Haydn mwenyewe. Bosi akaelewa. Inasimuliwa kwamba siku iliyofuata mizigo ilikuwa inapakiwa. Mimi nikiambiwa nichague mgomo bora kuliko yote nachagua huo, hakuna bango wala matusi.

Halafu kuna dini. Venice ndo walianza biashara ya opera ya kulipia mlangoni, ukumbi wa San Cassiano, 1637, na msimu wao mkubwa ulianza tarehe 26 Desemba, ukachanganyika na kanivali, ukaisha kabla ya Jumatano ya Majivu. Watu wa Dar hapa hawahitaji maelezo marefu, si mnaijua vunja jungu? Ile wikiendi kabla ya Ramadhani, bendi zote zina shoo, taarabu zinapigwa mpaka alfajiri, kisha mwezi mzima vyombo vinafunikwa, na Idd ikifika kila kundi linatoka na nyimbo mpya na sare mpya. Kanivali ni hiyohiyo, ila yao inaelekea Kwaresma. Vienna mpaka leo dansa kubwa la opera linafanyika Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, wanang'oa viti vyote, wanainua sakafu iwe sawa na jukwaa, watu wanacheza hadi usiku wa manane na zaidi. Handel, mtunzi mwingine wa muziki, naye alikuwa mjanja, London baadhi ya siku za Kwaresma maigizo ya jukwaani yalikatazwa, yeye akaweka waimbaji wasimame tu bila mavazi ya kuigiza, hadithi zenyewe za Biblia, nani atamkataza? Akajaza ukumbi.

Sasa swali, wasanii walikuwa wanakula nini hiyo miezi ya kufuli? Wengi walipata tabu. Waitaliano wao walipanda meli, maana kule Amerika ya Kusini Juni na Julai ni baridi, matajiri wako mjini, kumbi ziko wazi. Kundi moja lilikuwa Rio de Janeiro mwezi Juni 1886, kiongozi wa okestra akagombana nao akajiondoa, aliyesimama badala yake akazomewa na ukumbi mzima, kelele hazishi, onyesho linakaribia kuvunjika. Wakamgeukia kijana mpiga selo mwenye miaka 19 ambaye walijua ameshika kazi yote kichwani. Akapanda, akafunga kitabu cha noti, akaongoza opera nzima bila kukiangalia. Kijana huyo ni Arturo Toscanini, ndo mwanzo wa mmoja wa viongozi wa okestra waliotajwa sana duniani, na kama kumbi za Italia zingekuwa wazi mwezi wa sita labda angekuwa amekaa Italia anapiga selo yake nyuma huko.

Kwetu jua na jembe vimepanga misimu muda mrefu. Usukumani ngoma kubwa zinakuja baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, chakula kiko ghalani na mikono imepumzika. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wanapambanishwa, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, aliyevuta watu wengi ndo kashinda, kwahiyo unaona umati unakimbia huku, mara mtu kule katoa chatu, umati wote unageuka unakimbilia kule. Hakuna jaji anayebishiwa hapo. Bujora karibu na Mwanza wanafanya tamasha la ngoma la Bulabo kwenye sikukuu ya Ekaristi ambayo nayo inaangukia Mei au Juni. Zanzibar, Sauti za Busara ambayo ilianza 2004 iko Februari, ndani ya Ngome Kongwe, jukwaa la wazi, na kila mtu anajua masika ikianza pale hapakaliki.

Turudi kwa wenzetu. Mwaka 1925 ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York, ukafunga mtambo wa kupooza hewa wa kampuni ya Carrier, na watu wakaanza kuingia sinema hata filamu hawaijui, mradi tu wapoe. Taratibu majira ya joto yakawa ndo msimu mnono wa sinema. Kwahiyo sababu ya joto ilishaisha, miaka mia sasa. Mabwana wa Bunge na ndege wao wa kuwinda nao hawaamui tena nani aende opera. Kwaresma hamna anayefunga ukumbi. Mbona bado wamefunga?

Hapo ndo tunafika kwenye hela, na mimi naona hii ndo sababu iliyobaki hai kuliko zote. Ukumbi mkubwa unatangaza msimu mzima mapema, miezi kadhaa kabla haujaanza, na mashabiki wa kudumu wananunua kifurushi, opera sita au konseti kumi kwa mpigo, kiti kilekile, Alhamisi ileile. Hela inaingia kabla pazia halijapanda hata mara moja, na kwa hiyo hela ukumbi unathubutu kuweka na kitu kigeni ambacho peke yake kisingeuza tiketi. Mwimbaji nyota anakamatwa miaka mitatu minne kabla. Kila ukumbi unaangalia kalenda ya mwenzake, maana mwimbaji ni huyohuyo, kwahiyo mmoja hawezi kuamka tu akasema sisi mwaka huu tunafanya Julai. Na jukwaa nalo linataka matengenezo, kuna kamba, mota, lifti za chini kwa chini, ukipiga shoo 300 huna siku ya kulifungua.

Halafu wasanii wenyewe Julai hawapo! Tamasha la opera la Bayreuth, Ujerumani, lililoanza 1876, mpaka leo okestra yake inaundwa na wapigaji wanaotoka okestra mbalimbali, hasa za Ujerumani, ambao wako huru kwasababu kwao kumefungwa. Tamasha la Salzburg, Austria, lililoanza 1920, linategemea sana okestra ya Vienna Philharmonic, na wapigaji wa Vienna Philharmonic ndo haohao wanaopiga kwenye Staatsoper ya Vienna msimu mzima. Ukiifungua Vienna Agosti, Salzburg inabaki bila bendi.

Kuna mtu mmoja aliyeona tundu kwenye huu ukuta mapema. Robert Newman alikuwa anasimamia Queen's Hall ya London, ukumbi mzuri, majira ya joto uko tupu kwasababu wakubwa wamehama. Mwaka 1895 akaamua kuwauzia waliobaki. Akatoa viti chini, watu wasimame, shilingi moja tu kuingia, ruksa kula, kunywa, kuvuta sigara, ila wakaombwa wasiwashe viberiti mwimbaji anapoimba. Akamweka Henry Wood kijana wa miaka 26 aongoze. Hizo ndo konseti zinazoitwa Proms, ambazo BBC walizichukua 1927, bomu la Wajerumani likauteketeza ukumbi 1941 wakahamia Royal Albert Hall, na mpaka leo ziko Julai hadi Septemba na watu bado wanasimama chini pale kwa tiketi ya bei ndogo.

Upande wa kusini wa dunia hawana hata hii shida. Sydney Opera House, iliyofunguliwa 1973, makundi yake makubwa yanapanga msimu kwa mwaka wa kawaida, Januari mpaka Desemba, na Teatro Colón ya Buenos Aires inaanza Machi hivi inamaliza Desemba.

Kwahiyo kama una ndugu Ulaya umepanga kumtembelea Agosti na unataka uone opera Vienna, utakuta watalii wenzako wanapiga picha mlango uliofungwa. Wapigaji wako Salzburg, treni ni kama saa mbili na nusu, ila ukifika dirisha la tiketi shikilia mfuko, kiti kizuri cha opera pale kinapita euro 400.