Jinsi riwaya zilivyobadili mtazamo wa Wamarekani kuhusu utumwa

Husemwa mara nyingi kwamba Wamarekani wa majimbo ya Kaskazini waliuchukia utumwa mara tu walipoelezwa ukweli wake. Historia haikubaliani na dai hilo. Mwaka 1839 mpinga utumwa Theodore Weld, mkewe Angelina Grimké na shemeji yake Sarah Grimké walitoa kitabu kiitwacho American Slavery As It Is, ambacho sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika magazeti ya Kusini yenyewe: matangazo ambamo mabwana waliwatafuta watumwa watoro kwa kutaja makovu ya mijeledi, chapa za chuma cha moto na masikio yaliyokatwa. Hakuna aliyeweza kudai kwamba matangazo hayo yalizuliwa na wapinga utumwa, kwa kuwa wenye watumwa ndio walioyalipia. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi baadaye watu wengi wa Kaskazini waliendelea kuuona utumwa kuwa shauri la watu wa Kusini, huku wale walioupinga hadharani wakihesabiwa kuwa wachochezi wa fujo. Kwa hiyo taarifa hazikukosekana. Hata riwaya ilikuwapo: Richard Hildreth alichapisha moja huko Boston mwaka 1836 bila kutaja jina lake, akiiandika kana kwamba ni kumbukumbu za mtumwa mwenyewe, nayo haikuitikisa nchi.

Jambo lililobadili hali lilikuwa sheria. Sheria ya Watumwa Watoro, iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwezi Septemba 1850, ilimnyima mtoro aliyekamatwa Kaskazini haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama, na hata haki ya kujitetea kwa maneno yake mwenyewe. Kamishna aliyeamua shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, lakini dola 5 tu akimwachia huru. Raia aliyemficha mtoro au kumsaidia aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Tangu siku hiyo mkulima wa Ohio au fundi viatu wa Massachusetts hakuweza tena kusema kwamba utumwa haumhusu, kwa kuwa sheria ilimdai ashiriki katika msako.

Mwandishi Harriet Beecher Stowe aliishi Cincinnati, mji wa Ohio, kwa miaka 18, akitenganishwa na jimbo la Kentucky, lenye watumwa, kwa mto Ohio tu. Mwaka 1849 kipindupindu kilimuua mwanawe mchanga, Samuel Charles, na baadaye alisema kwamba msiba huo ndio uliomfanya aelewe anachohisi mama mtumwa anaponyang'anywa mtoto wake. Mwezi Juni 1851 gazeti la National Era la Washington lilianza kuchapisha hadithi yake, Uncle Tom's Cabin, sehemu moja baada ya nyingine. Ilikusudiwa iwe fupi, lakini iliendelea hadi Aprili 1852, na kabla haijamalizika gazetini ilikuwa imekwisha kutoka kama kitabu.

Anayetaka kuelewa nguvu ya riwaya hiyo asianze na kifo cha mtumwa Tom, mhusika mkuu, ambacho ndicho hukumbukwa zaidi, bali asome sura ya Seneta Bird. Bwana huyu ni mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Ohio, na amerudi nyumbani akiwa amechoka baada ya kuunga mkono sheria ya kuwaadhibu wanaowasaidia watoro. Mkewe anamhoji, naye anajibu kwa hoja za kisiasa ambazo msomaji wa wakati ule alikuwa amezisikia mara nyingi na pengine amezitamka mwenyewe. Kisha Eliza, mtumwa aliyetoroka ili mwanawe aliyeuzwa asichukuliwe, anaonekana jikoni mwao, amezimia, miguu yake inatoka damu baada ya kuuvuka mto kwa kurukia mapande ya barafu akiwa na mtoto mikononi. Akizinduka, anawauliza wenyeji wake kama wamewahi kufiwa na mtoto. Wamefiwa, na kaburi bado ni jipya. Usiku huohuo seneta anatandika farasi na kumvusha mtoro kwenye tope, kinyume cha sheria aliyoipigania, na mkewe anafungua saraka yenye nguo za marehemu ili mtoto wa Eliza apate cha kuvaa. Kwa maoni yangu hapa ndipo ufundi wa Stowe ulipo: hakumkaripia msomaji wa Kaskazini, alimweka mlangoni mwake na kumwachia afungue au asifungue.

Nakala zipatazo 300,000 ziliuzwa Marekani katika mwaka wa kwanza, na zaidi ya milioni moja Uingereza, nyingi zikiwa zimechapishwa bila mwandishi kulipwa chochote. Kwa kuwa familia zilizoea kusomewa kitabu kwa sauti jioni, waliosikia hadithi walikuwa wengi kuliko walionunua.

Kusini haikunyamaza. Mwaka huohuo wa 1852 Mary Eastman alitoa Aunt Phillis's Cabin, na waandishi wengine wakafuata kwa riwaya zilizoonyesha mabwana wapole na watumwa wenye kuridhika, zikidai kwamba wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza waliteseka zaidi. Stowe alijibu mwaka 1853 kwa kitabu kizima cha hukumu za mahakama na matangazo ya minada. Wenye mamlaka wengine walijibu kwa jela. Samuel Green, mhubiri mweusi aliyekuwa mtu huru huko Maryland, alihukumiwa mwaka 1857 kifungo cha miaka 10 kwa kukutwa na nakala ya Uncle Tom's Cabin nyumbani kwake, na hakutolewa hadi mwaka 1862.

Pamoja na hayo, tusikipe kitabu sifa isiyo yake. Maneno yanayodaiwa kusemwa na Rais Abraham Lincoln, kwamba Stowe ndiye mwanamke mdogo aliyeanzisha vita vile vikubwa vya Kaskazini na Kusini, yalichapishwa miongo kadhaa baada ya wawili hao kukutana mwaka 1862, na hayana ushahidi wa wakati ule. Takwimu za kura nazo zinatutaka tuwe waangalifu. Katika uchaguzi wa Novemba 1852, wakati riwaya ikisomwa kila mahali, mgombea wa chama cha Free Soil kilichopinga kuenea kwa utumwa alipata takriban asilimia 5 ya kura, nusu ya asilimia ambayo chama hicho kilipata mwaka 1848. Machozi hayakugeuka kura papo hapo. Ilibidi yatokee mambo mengine, hasa sheria ya mwaka 1854 iliyofungua maeneo ya Kansas na Nebraska kwa utumwa, na mwaka huohuo askari kumpeleka mtoro Anthony Burns bandarini Boston ili arudishwe utumwani, huku maelfu ya watu wakizomea barabarani. Nadhani wengi wa waliosimama pale walikuwa wamekwisha kuwa na picha ya Eliza akilini, na hivyo hawakumwona Burns kama mali iliyopotea.

Picha hiyo ilikuwa pia na mipaka, na watu weusi waliiona mapema. Tom anasifiwa kwa uvumilivu wake, na George Harris, mume wa Eliza na mtoro shujaa kuliko wote, anaishia kupelekwa Liberia, kana kwamba Marekani haikuwa na nafasi ya mtu mweusi aliye huru. Frederick Douglass, mwandishi mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alimtetea Stowe kama rafiki wa lazima, lakini yeye mwenyewe mwaka 1853 aliandika hadithi ya Madison Washington, mtumwa aliyeongoza uasi katika Creole, meli iliyobeba watumwa, mwaka 1841. Mwaka huo wa 1853 William Wells Brown, aliyekuwa ametoroka utumwani, alichapisha riwaya ya Clotel mjini London. Martin Delany, mwandishi mwingine mweusi, alikuwa mkali zaidi: alimwambia Douglass gazetini kwamba Stowe hawajui watu weusi, kisha akaandika Blake, riwaya ya mtumwa anayezunguka majimbo ya Kusini kwa siri na kufika hadi Cuba akiandaa maasi. Riwaya hii haikumwomba msomaji mweupe amhurumie mtu yeyote. Ilitoka kwa vipande katika majarida ya watu weusi kati ya 1859 na 1862, na haikuchapishwa kama kitabu hadi mwaka 1970.