Kumsoma Hannah Arendt kuanzia kambi ya Gurs

Wanafunzi wangu wa falsafa ya siasa wakifika kwenye "haki ya kuwa na haki" ya Hannah Arendt, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani, yaani haki ya kuwa mmoja wa jamii ambayo sheria yake inakulinda, wengi huichukua kama kaulimbiu ya kubandika ukutani. Mimi huwarudisha kwanza Gurs.

Gurs ilikuwa kambi kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees. Mwaka 1940 Wafaransa walimfungia humo Arendt kwa sababu ni Mjerumani, eti mtu wa upande wa adui, ilhali Ujerumani ya Wanazi aliikimbia mwaka 1933 baada ya kuwekwa ndani siku nane mjini Berlin. Ufaransa iliposhindwa vitani zikatokea siku chache za vurugu, hati za kuachiliwa zikapatikana. Anasimulia mwenyewe kwamba aliyetaka kuondoka ilibidi atoke na mswaki tu, maana usafiri haukuwepo. Yeye alitoka. Wengi walibaki, na kuanzia 1942 watu wa kambi ile wakaanza kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Sasa fungua sura ya tisa ya kitabu chake The Origins of Totalitarianism (1951). Ukitaka kujua kama mtu ametupwa nje ya sheria, anasema Arendt, uliza kama hali yake ingekuwa nafuu akitenda kosa la jinai. Asiye na uraia hufungiwa au kufukuzwa nchini bila kesi. Akiiba, papo hapo anapata hakimu, wakili na kifungu cha sheria kinachomhusu. Sidhani kipimo cha namna hiyo kinamjia mtu aliyekaa maktaba tu. Arendt mwenyewe alipata uraia wa Marekani mwaka uleule kitabu kilipotoka.

Wanaomsifu husahau kwamba maisha hayohayo yalimpotosha pia. Mwaka 1959 alichapisha makala ya kupinga serikali kulazimisha shule za Little Rock, Arkansas, huko Marekani, zichanganye watoto weusi na weupe. Utotoni kwake Königsberg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, mama yake alimwagiza hivi: mwalimu akiwatukana Wayahudi, inuka urudi nyumbani, barua nitaandika mimi, wakikutukana watoto wenzako, jitetee mwenyewe. Naona ndiyo miwani aliyowatazamia wazazi weusi wa Arkansas, akawalaumu kwa kuwabebesha watoto vita vya wakubwa. Mwandishi mweusi wa Marekani, Ralph Ellison, akampinga: wazazi wale walijua kabisa wanampeleka mtoto mbele ya kundi lenye hasira, na walitaka ajifunze kuikabili hofu hiyo mapema, kwa kuwa angeishi nayo. Mwaka 1965 Arendt alimwandikia Ellison barua, akakubali kwamba suala hilo la kujitoa mhanga hakulielewa.