Ukuta wa karavani si ukuta wa nyumba: dhana potofu kuhusu kufunga mapazia na rafu

Wanaonunua karavani, yaani trela la kukokotwa lenye vitanda na jiko ndani, wengi huanza kulipamba kama walivyozoea nyumbani. Wanashika drili, wanakadiria kwa macho, wanatoboa. Safari ya kwanza ikiisha, fimbo ya pazia inaning'inia upande mmoja, na pale ilipokuwa skrubu pamebaki tundu lililochanika kingo. Skrubu haina kosa, wala fimbo. Shida ni kuuamini ukuta ambao haukujengwa kubeba kitu.

Dhana: Skrubu itashika popote ukutani

Ukuta wa ndani wa karavani nyingi ni plaiwudi ya unene wa kama milimita 3, iliyobandikwa karatasi ya plastiki juu yake. Skrubu ya mbao ikiingia hapo, nyuzi zinazopata pa kushika ni kama mbili tu. Kilichoko nyuma kinategemea trela lilivyojengwa. Kuna yenye fremu ya mbao nyembamba, sufi ya kuzuia joto katikati, na mabati ya aluminiamu nje. Nyingine zina fremu ya mabomba ya mraba ya aluminiamu na povu gumu katikati, vyote vikiwa vimegandishwa kwa gundi pamoja na ngozi ya nje ya faibaglasi. Jua trela lako ni la aina gani kabla hujagusa drili, maana karibu kila uamuzi unaofuata unatoka hapo.

Kinachobeba mzigo ni fremu, na fremu ya karavani haifuati nafasi za kawaida za nyumba. Nguzo zimewekwa pale mtengenezaji alipozihitaji: kandokando ya madirisha, mlangoni, nyuma ya makabati. Kwa fremu ya mbao, chukua sumaku ndogo yenye nguvu uiburute ukutani polepole. Itanasa penye pini za chuma zilizoshikilia plaiwudi. Tia alama kwa penseli, na alama chache zikijipanga wima umeipata nguzo.

Aluminiamu hainaswi na sumaku. Kwa trela la namna hiyo toka nje alfajiri yenye baridi na umande, wakati ndani kuna joto. Bomba la aluminiamu hupitisha joto upesi kuliko povu, kwa hiyo mara nyingi mistari ya fremu hujichora yenyewe kwenye faibaglasi: umande umetanda kote, ila pale penye bomba pamekauka au pana unyevu mdogo. Pima umbali kutoka ukingo wa dirisha hadi kwenye mstari, kisha ingia ndani upime vilevile. Dirisha linaonekana pande zote mbili, ndiyo maana linafaa kuwa alama yako. Ukiweza kupata mchoro wa fremu kutoka kwa mtengenezaji, bora zaidi.

Dhana: Plagi za plastiki zitasaidia pasipo na nguzo

Plagi nyingi, yaani vibomba vya plastiki vya kutia tunduni ili skrubu ishike, zimetengenezwa kwa zege au kwa ubao wa jasi wenye unene wa milimita 12 hivi. Kwenye plaiwudi ya milimita 3 hazina nyama ya kung'ata. Zile zinazofunguka mabawa kwa nyuma zinahitaji uwazi, na ukuta uliojazwa povu hauna uwazi wowote. Hata zikishika siku ya kwanza, mtikisiko wa barabara utazilegeza na kupanua tundu.

Mimi husema jambo moja kwa yeyote anayeniuliza: usifunge kishikio cha pazia moja kwa moja ukutani, funga ubao kwanza. Kata kipande cha plaiwudi ya milimita 12, kirefu kupita upana wa dirisha ili kifike kwenye nguzo za pande zote mbili. Kifunge kwa skrubu kwenye nguzo hizo (za mbao kwa fremu ya mbao, za chuma zinazojitoboa kwa aluminiamu) na katikati ongeza gundi ya ujenzi. Lakini hapa wengi huteleza: gundi ikipakwa juu ya karatasi ya plastiki inashika karatasi tu, na karatasi yenyewe imeshikwa na plaiwudi kwa gundi hafifu. Ikate na uibandue karatasi pale ubao utakapofunika, ndipo upake. Ubao ukishakauka, vishikio vya fimbo vinaingia kwenye milimita 12 za mbao imara, na ukuta wa nyuma huugusi tena. Ukiupaka rangi au kuuvika kitambaa cha pazia lenyewe, unaonekana kama ulikuwepo tangu mwanzo.

Dhana: Skrubu ndefu ndiyo imara

Ukuta mzima wa karavani, kutoka plaiwudi ya ndani hadi ngozi ya nje, mara nyingi una unene wa milimita 40 hadi 50 tu. Skrubu ndefu inaweza kutokeza nje au kutoboa waya uliopita njiani. Tundu la nje likiingiza maji, fremu ya mbao inaoza kimyakimya na ukuta wa gundi unaanza kuachana na kuvimba. Matengenezo yake ni ghali kuliko mapazia ya maisha yako yote. Skrubu inayoingia ukutani milimita 20 inatosha kwa kazi nyingi. Zungushia tepu kwenye ncha ya drili kwa kina hicho, na tepu ikigusa ukuta, acha.

Dhana: Ukichomoa waya wa umeme wa nje uko salama

Karavani ina mifumo miwili ya umeme. Mmoja ni ule wa kuchomeka, volti 120 au 230 kutegemea nchi. Mwingine ni wa volti 12 unaotoka kwenye betri, na huo unabaki hai hata trela likiwa limeegeshwa porini. Ukiwa na paneli ya sola juu ya paa, nayo inaendelea kusukuma umeme mchana kutwa. Volti 12 haitakurusha, lakini waya wake ukikatwa na drili ukagusana na chuma unaweza kuwasha moto ndani ya povu na plaiwudi. Testa ya kusogeza karibu na waya, ile inayolia, husoma umeme wa kuchomeka tu. Wa betri haiuoni kabisa. Chomoa wa nje, tenga betri, zima sola. Na usitoboe sambamba na taa, swichi au soketi, juu yake wala chini yake.

Dhana: Tepu ya pande mbili haina madhara kwa kuwa haitoboi

Kwa picha nyepesi, sawa. Ila trela lililofungwa likianikwa juani huwa kama tanuri, gundi inalainika, na kitu kinadondoka au kinabanduka pamoja na karatasi ya ukuta. Fimbo inayojibana kati ya kuta mbili bila skrubu nayo inafaa kwa pazia jepesi tu. Ukiikaza mno inasukuma plaiwudi hadi ibonyee.

Dhana: Pazia ni kitambaa tu, halina hatari

Pazia karibu na jiko la gesi ni hatari kuliko skrubu zote nilizozitaja. Liwe fupi, lifungwe pembeni, au dirisha hilo liwekewe kioo cha giza badala ya kitambaa. Kisha angalia dirisha la dharura, ambalo kwa kawaida lina vishikio vyekundu. Kiwango cha NFPA 1192 cha Marekani, cha usalama wa moto kwenye karavani na magari ya aina hiyo, kinataka karavani iwe na njia nyingine ya kutokea mbali na mlango mkuu, na njia hiyo haina maana ikiwa imezibwa kwa ubao, rafu au pazia lililofungwa imara chini. Lala kitandani, zima taa, jaribu kukifikia kishikio kwa kupapasa. Usipokifikia upesi, badilisha ulivyofunga.

Kuhusu rafu na vioo, kumbuka trela linaruka kwenye mashimo na kila ruko linazidisha mzigo kwenye skrubu. Kitu kizito kishushwe sakafuni kabla ya kuondoka. Na ukiwa na sehemu ya ukuta inayosukumwa nje, irudishe ndani polepole mara ya kwanza baada ya kuweka fimbo, mwenzako akiwa ndani anatazama kama kuna kinachokwaruza.

Ukifika mwisho wa safari ya kwanza, kagua kila skrubu kwa bisibisi ya mkono, si drili. Iliyolegea kidogo ikaze. Inayozunguka bila kukaza haijapata nguzo. Itoe, uhamishie mzigo kwenye ubao.