Mita ikisoma 4.2, bado hujapima betri

"Fundi, nimezipima zote mbili, zinasoma 4.2, kwa hiyo ziko sawa." Anayetuma ujumbe huu hubadilika, picha aliyoambatanisha haibadiliki: ncha za mita juu ya 18650 (seli ya duara ya kuchaji, ya lithiamu-ioni) iliyochomolewa kwenye laptop, kioo kinaonyesha volti 4.19 au 4.20, na pembeni kuna tochi ya mlinzi inayozima kabla hajamaliza kuzunguka ukuta. Leo naandika mara moja, kisha nitakuwa natuma linki tu.

Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni ikitoka kwenye chaja isiyo na hitilafu inasoma karibu 4.2, kwa sababu chaja imeambiwa iishie hapo. Hapo umeikagua chaja. Ndoo na pipa vyote hujaa hadi ukingoni, na ukitazama ukingo peke yake huwezi kujua kipi kitakutosha kuoga. Halafu hiyo mita ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi, kwa hiyo inavuta umeme mdogo mno: igawe ampea moja mara milioni, ni chini ya nusu ya kipande kimoja. Mzigo huo hauisumbui hata seli inayokata roho. Tochi inataka ampea 2, 3, wakati mwingine zaidi. Seli yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 40 ukiivuta ampea 3 inapoteza volti 0.12. Yenye miliomu 200 inapoteza 0.6 papo hapo: ile 4.2 yako imekuwa 3.6 na tochi ndiyo kwanza umeiwasha.

Feki tuzimalize haraka. Hakuna 18650 ya mAh 9900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao seli inabeba). Nyingi zilizo bora zinacheza kwenye 3500 na kidogo juu yake. Iweke kwenye mizani ya jikoni: nzima ina gramu 45 hadi 50, na ikikosa uzito kwa mbali usipoteze umeme kuichaji. Kagua nailoni iliyoivika nayo. Kopo zima la seli ni hasi, kuanzia kitako hadi kwenye shingo ya kile kichwa cha chanya, kinachozitenganisha pale juu ni kiduara chembamba tu cha kuhami. Nailoni ikichanika hapo, springi au bomba la tochi linaweza kukufungia shoti. Nailoni mpya ni ya bei ndogo sana.

Sasa tuje kwenye kinachonikera, yaani tochi ya seli mbili zilizofuatana, moja nyuma ya nyingine. Chukua seli A yenye mAh 2600 na seli B iliyochoka, imebaki na 1400. Zote zimejaa, zote 4.2. Umeme unaopita A ndio huo huo unaopita B, hakuna njia nyingine. Zikishatoa 1400, B imekwisha na A bado ina karibu nusu. Tochi haijui hilo. Yenyewe inaona jumla: A inatoa 3.6, B imeshuka hadi 2.0, jumla 5.6, bado mwanga upo. Tochi nyingi zenye kikomo cha chini cha volti zinakata karibu na jumla hiyo, kwa hiyo hata kikomo hakikuokoi. Zisizo na kikomo zinaendelea: A inasukuma umeme kupitia B mpaka B inafika sifuri na kupita, chanya inageuka hasi. Na kama ni zile tochi zinazotunza mwanga usififie, ndiyo balaa zaidi, maana volti zikishuka sakiti inavuta ampea nyingi zaidi ili kufidia.

Siku hiyo huenda usione kitu. Seli ikishuka mno, karatasi ya shaba iliyo upande wa hasi huanza kuyeyuka humo ndani. Ukiichaji tena, shaba ile hutua pasipo pake na inaweza kufunga shoti ya ndani. Ndiyo maana moshi hutoka kwenye chaja, tochi iko mezani imezimwa, na lawama zote anapewa mwenye chaja.

Kwa hiyo napanga pea hivi. Najaza seli, naiacha itulie, kisha naishusha kwa nusu ampea hadi 2.8 nikihesabu mAh zilizotoka. Seli ya 2600 inachukua zaidi ya saa tano. Sasa unaelewa kwa nini nakataa "nipimie chapchap, nipo nje na bodaboda". Kisha napima ukinzani wa ndani. Kisha najaza tena na kuziweka kabatini wiki mbili. Iliyoshuka chini ya 4.1 ikiwa haina mzigo wowote inajila yenyewe, nayo haiingii kwenye tochi ya seli mbili hata mAh zake zikiwa za kupendeza. Zinazobaki nazipa namba kwa maka peni, na pea haiachani: tochi moja, chaji siku moja, kila moja kwenye nafasi yake ya chaja.

Utaniuliza tofauti gani inakubalika. Mimi nasimamia asilimia 5 za mAh, na nakwambia wazi kwamba namba hiyo ni mazoea ya meza yangu, sina uthibitisho wa kukuonyesha. Ukinzani ndio unanitesa zaidi. Chaja zinazopima kwa springi hunipa miliomu 58, nikiizungusha seli kidogo 71, nikiitoa na kuirudisha 49. Kipimo cha waya nne, mbili za kupitisha umeme na mbili za kusoma volti, kinatulia zaidi. Na kuna seli za laptop zilizolala chini ya volti 1, ukiziamsha taratibu zinafaulu vipimo vyote hivi. Huenda nyingine zingedumu miaka. Nazitupa zote, na sioni aibu.

Seli za fosfati ya chuma, zile za kwenye taa nyingi za sola, zinajaa kwa 3.65. Umbo linaweza kuwa lile lile la 18650, ila usizichanganye na hizi wala usiziweke kwenye chaja ya 4.2. CR123A, ile betri fupi nene ya volti 3, haichajiwi kabisa, na mbili zikifuatana, mpya na kuukuu, ndiyo hadithi ya A na B tena, safari hii na moshi wa sumu.

Ukisema seli zako zina bodi ya ulinzi, vizuri. Bodi isiyo na hitilafu huikata seli yake kivyake ikishuka mno, na hilo linasaidia kweli. Lakini inaongeza urefu, milimita 65 zinakuwa 68 au 70, na nimeshapokea seli ambazo mwenyewe alizishindilia kwa mfuniko hadi bodi ikapinda. Anayetaka tochi tu, bila elimu yote hii, anunue ya seli moja ya 21700, nene na ndefu kidogo kuliko 18650. Haina mwenzake wa kulinganishwa naye. Wenye pea zileteni na chaja yenu pia, maana naanza kwa kupima inaishia volti ngapi.