Je, wajua kwa nini wanafizikia hawatosheki na wastani wa idadi ya pioni, chembe ndogo kuliko atomi?

Simama kituoni Mbagala Rangi Tatu alfajiri, uhesabu abiria wanaofika kila dakika tano. Kama kila mtu anakuja kivyake na wastani ni 100, hesabu yako itayumba kwa takriban 10, juu au chini. Hicho ndicho kipeuo cha pili cha 100. Sasa tuseme wote wanakuja wawili wawili, mzazi na mwanafunzi wake. Wastani unabaki 100 ileile, lakini myumbo unapanda hadi 14 hivi. Hujamuuliza mtu, na umeshajua kwamba wanafuatana.

Kwenye pioni kazi ni hiyohiyo. Chembe hizi alizitabiri Hideki Yukawa wa Japani mwaka 1935, zikaonekana 1947. Uzito wake ni kama mara 270 ya elektroni. Huko CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, viini vya atomi za madini ya risasi hugonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Maabara ya Brookhaven, Marekani, ilitumia sana dhahabu. Mgongano mmoja mkubwa humwaga maelfu ya chembe, nyingi zikiwa pioni, kama gesi yenye joto linalozidi nyuzi trilioni moja.

Pioni nazo hazitembei kivyake. Kwanza ni bozoni, chembe zisizoona tabu kurundikana katika hali moja, na hilo peke yake huongeza myumbo kidogo. Utamu uko kwenye jambo la pili: zinaathiriana. Pioni chanya ikikutana na hasi, huweza kuungana kuwa chembe iitwayo ro, ambayo haikawii kuvunjika na kutoa tena chanya moja na hasi moja. Jozi zikiwa nyingi, jumla ya pioni huyumba zaidi. Lakini ukitoa hasi kwenye chanya, jozi haibadilishi kitu, moja inaifuta nyingine, kwa hiyo tofauti hiyo huyumba kidogo kuliko ambavyo ungetegemea. Yaani kuathiriana kulekule kunachafua hesabu moja na kuituliza nyingine!

Usumbufu ni kwamba viini havigongani uso kwa uso kila mara. Vingine vinaparuzana tu na kutoa pioni chache, na myumbo wa namna hiyo hausemi lolote kuhusu gesi ya pioni yenyewe. Ndiyo maana watafiti huanza kwa kuipanga migongano kulingana na ukubwa wake, ndipo wahesabu.