Cheche ya sweta na dumu la petroli

Waliokaa Njombe au Makete wanaijua hali hii. Usiku wa Julai, baridi kavu, unavua sweta gizani na unasikia tatatata; ukitazama vizuri unaona vimulimuli vya samawati vikirukaruka kwenye nyuzi. Dar es Salaam na Mombasa hilo halitokei sana. Hewa ya pwani ina unyevu, na unyevu ule unaotanda juu ya vitu huiondoa chaji kabla haijarundikana.

Huo ndio umeme tuli. Vitu viwili vikisuguana kisha vikaachana, baadhi ya elektroni za kimoja, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, hubaki kwenye kingine. Nailoni na plastiki hazizipi njia ya kurudi, basi hukaa palepale. Mkondo wa umeme ni habari nyingine: hapo chaji hutembea mfululizo ndani ya waya, zikisukumwa na betri au jenereta.

Mtu akiteleza kwenye kiti cha gari na kushuka, mwili wake unaweza kufika volti 10,000. Ni nyingi kuliko volti 230 za soketi ya ukutani, lakini chaji yenyewe ni kiduchu, kama sehemu moja ya milioni ya kulomu, kipimo cha chaji. Chaja ya simu ya ampia 1 hupitisha mara milioni moja ya hiyo katika kila sekunde. Ndiyo maana cheche ya sweta hukushtua tu, haikuui.

Wengi wetu tukishajua hivyo tunaidharau, na dharau hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kila ninapopita kituo cha mafuta.

Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kiasi chake huwashwa na nishati ndogo mno, kama robo ya milijuli. Mtu mwenye volti 10,000 amebeba takribani milijuli 5, yaani mara ishirini ya hiyo. Tena mwili huanza kuhisi mchomo kwenye volti 3,000 hivi, na kwa volti hizo tu cheche yake tayari inatosha kuuwasha mvuke. Kwa maneno mengine, cheche ambayo kidole chako kimeihisi kwa shida inaweza kuanzisha moto.

Sasa tazama kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichoegeshwa kwenye pampu. Nyuma kimetandikwa mpira, na juu ya mpira kuna dumu la bati. Petroli inapopita kwenye mpira wa pampu huchukua chaji njiani, na kwa kuwa petroli haipitishi umeme vizuri, hufika dumuni ikiwa nayo bado. Bati linajaa chaji. Mpira ulio chini yake umeziba njia ya kwenda ardhini. Mhudumu anauchomoa mdomo wa bomba, unabaki umbali wa milimita moja au mbili kutoka kwenye bati, na cheche inaruka hapohapo mvuke unapotokea. Mwaka 1998, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa onyo juu ya moto wa namna hii hasa, wa madumu yaliyojazwa nyuma ya pikapu zenye sakafu ya plastiki.

Kinga yake haina gharama. Kama kituo kinaruhusu kujaza chombo, kishushe chini, kikae juu ya ardhi. Mdomo wa bomba uguse mdomo wa chombo tangu tone la kwanza hadi la mwisho, na mafuta yaingie taratibu, maana yakienda kasi huzalisha chaji zaidi. Dumu la plastiki nalo lishushwe. Plastiki hushika chaji vilevile. Malori ya mafuta hufungwa waya wa ethi, unaopeleka chaji ardhini, kabla ya kushusha mzigo kwa sababu hiyohiyo.

Na wewe unayejaziwa gari, ukishuka usirudi ndani kukaa wakati mafuta yanaingia. Ukilazimika kurudi, ukishuka tena gusa kwanza bati la mlango kwa mkono mtupu, mbali na tundu la tangi. Moto ukiwaka kwenye tundu, usichomoe bomba, maana utamwaga petroli inayowaka. Liache hapo, ondoka, na upige kelele pampu izimwe.