Kifungu cha 257: Mahali Zinapokwama Sahihi Milioni Moja

Kazi yangu ni kuyaelimisha makundi ya kiraia kuhusu taratibu za kurekebisha Katiba ya Kenya, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni iwapo sahihi milioni moja zinaweza kupatikana. Zinapatikana. Kizuizi kikubwa kiko baada ya hapo, kwenye mabunge ya kaunti, nacho hakizungumzwi vya kutosha.

Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, ambao wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia kwa wawakilishi waliowachagua. Kifungu cha 257 ndicho kinachofungua njia hiyo ya moja kwa moja katika kurekebisha Katiba, mradi pendekezo liungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja, ambao sahihi zao huhakikiwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka.

Uhakiki huo umewahi kuangusha kampeni nzima. Mwaka 2016 Okoa Kenya, iliyoongozwa na muungano wa upinzani wa CORD, ilikuwa imewasilisha sahihi zipatazo milioni 1.6, lakini tume ikakubali 891,598 pekee. Aliyewahi kusimama sokoni na fomu hizi anajua jinsi mambo yanavyoharibika: mwenye kibanda anataja nambari ya kitambulisho kwa kichwa huku akimhudumia mteja, mkusanyaji anaandika 3 badala ya 8, na mstari mzima unakataliwa kwa kuwa hauoani na daftari la wapiga kura. Ndiyo maana huwasisitizia wakusanyaji waombe kukiona kitambulisho chenyewe, hata kama foleni ni ndefu.

Baada ya uhakiki, mswada hupelekwa kwa mabunge yote 47 ya kaunti, ambayo yana miezi mitatu ya kuujadili, na usipoidhinishwa na angalau mabunge 24 hauendelei. Hapo ndipo kampeni ya Punguza Mizigo, iliyosukumwa na chama cha Thirdway Alliance, ilipozimika mwaka 2019, ingawa sahihi zake zaidi ya milioni 1.2 zilikuwa zimethibitishwa. Ilipendekeza kupunguza idadi ya wabunge kutoka 416 hadi 147, na sioni ajabu kwamba wanasiasa hawakuishangilia.

Jambo linalonisumbua ni kwamba Bunge la Kitaifa au Seneti likiukataa mswada uliokwisha kupita katika kaunti, Katiba inaagiza uamuliwe na wananchi kwenye kura ya maamuzi, ilhali madiwani, yaani wajumbe wa mabunge ya kaunti, wakiukataa, wananchi hawaulizwi kamwe. Nchini Uswisi, pendekezo la kurekebisha katiba lililopata sahihi 100,000 ndani ya miezi 18 hufikishwa kwa wapiga kura. Bunge linaweza kushauri likataliwe au kuweka pendekezo mbadala kando yake, lakini haliwezi kulizuia kwa sababu tu halikulipenda.

Lango la kaunti halikufanya kazi ya kuchuja hata pale lilipohitajika. Mswada wa BBI (Building Bridges Initiative), uliotokana na maridhiano ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na kiongozi wa upinzani Raila Odinga, ulipitishwa na mabunge zaidi ya 40 mapema mwaka 2021, Baringo ikiwa miongoni mwa machache yaliyoukataa, wakati huohuo madiwani wakiidhinishiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Ni mahakama zilizousimamisha, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia iliyotengewa wananchi.

Kuliondoa lango hilo ni kazi ngumu, kwa sababu sura ya marekebisho yenyewe hairekebishwi bila kura ya maamuzi, ambayo nayo inahitaji angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze kupiga kura katika kila kaunti, kwa angalau nusu ya kaunti zote. Kwa sasa, kampeni ninazozishauri nazielekeza kwenye sheria ya kawaida ya Bunge: itakayoeleza namna sahihi zinavyokusanywa na kuhakikiwa, itakayowataka waanzilishi wataje wanaowafadhili, na itakayowalazimu madiwani kuwasikiliza wakazi wa wadi zao hadharani kabla ya kupiga kura.